Maswali ya Wasomaji: Pasipofikiwa na Sindano

Barua tano za mwezi huu zimegusa jambo moja, nami nimeona afadhali nizijibu pamoja kuliko kuzitawanya katika matoleo matano. Jambo lenyewe ni hili: mwanamke amedungwa sindano ya titi, jibu likasema saratani yake ingali ndani ya mfereji wa maziwa na haijavamia, kisha, kabla ya upasuaji au baada yake, anasikia kwamba huenda pana sehemu iliyovamia ambayo sindano haikuifikia. Wasomaji wanataka kujua kama jambo hilo lingeweza kutabiriwa mapema. Kazi yangu ni patholojia, yaani mimi ni yule daktari ambaye mgonjwa hamwoni, anayekaa na hadubini na kuliandika lile jibu. Kwa hiyo msomaji asishangae nikielemea upande wa maabara.

*Assalaam alaykum daktari. Mamangu ana umri wa miaka 54. Mwezi wa Oktoba alipigwa picha ya matiti wakaona chembechembe za chokaa, ingawa mwenyewe hakuwa na uvimbe wala maumivu. Alidungwa sindano, na jibu limeandikwa DCIS, daraja la 3. Daktari wa upasuaji ametueleza kwamba ugonjwa uko mwanzoni, lakini akaongeza kwamba huenda akakuta jingine ndani, na kwamba atatoa pia tezi ya kwapani. Tangu siku hiyo nyumbani hapakaliki. Ami yangu anasema sindano ndiyo itakayoutawanya ugonjwa. Mimi nauliza: ikiwa wamepima, vipi hawajui?*
Binti wa Majengo, Mombasa

Wa alaykum salaam, binti yangu, na mpe mama pole. Swali lako la "vipi hawajui" si utovu wa adabu. Ndilo swali ambalo sisi tunaoandika majibu hujiuliza kila tunapotia sahihi.

Titi lina mifereji inayopeleka maziwa hadi kwenye chuchu. Kila mfereji umezungukwa na safu nyembamba ya seli zenye uwezo wa kujikaza, ambazo kazi yake ni kuyasukuma maziwa, na nje ya safu hiyo pana utando. Seli za saratani zikijaa ndani ya mfereji bila kuutoboa utando huo, ndipo tunapoandika zile herufi nne, DCIS. Na kwa kuwa ndani ya mfereji hamna mishipa ya damu wala ya limfu, seli hizo hazina njia ya kusafiria. Zikiutoboa utando hata mahali pamoja tu, jina hubadilika likawa saratani vamizi, na matibabu hubadilika nalo. Magonjwa haya mawili, basi, yanatenganishwa na ukuta, na ukuta wenyewe hauonekani kwa picha wala haugusiki kwa mkono. Huonekana chini ya hadubini, tena katika kile kipande kilichokatwa tu.

Wanaonunua nafaka kwa magunia kule Kongowea wanalijua bambo, kile chuma chenye ncha na mvungu kinachochomwa guniani ili punje chache ziteremke kiganjani. Mchele ulioteremka ukiwa safi, mnunuzi amepata habari za mahali bambo lilipopita. Ile pembe ya gunia iliyolowa maji hakuigusa. Sindano ya titi nayo ni bambo. Kipande kimoja cha sindano ya kawaida ya geji 14 (geji ni kipimo cha unene; namba ikipungua, sindano ni nene zaidi) huwa na uzito wa takriban miligramu 17, na ile sindano nene ya kunyonya, ya geji 11, hutoa kipande kinachokaribia miligramu 100, ilhali ugonjwa wa ndani ya mifereji unaweza kuenea sentimita tatu, nne au zaidi. Ripoti inaposema "haijavamia", maana yake kamili ni kwamba haijavamia katika vipande hivi nilivyoletewa. Ningependa maneno hayo yaandikwe hivyo hivyo katika kila ripoti, lakini mazoea ya kuandika kwa ufupi yametushinda.

Je, ni mara ngapi bambo hukosa? Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi zenye jumla ya visa 7,350 vya wanawake waliopata jibu kama la mama yako na kisha wakafanyiwa upasuaji. Takriban 26 katika kila 100 walikutwa na saratani vamizi, yaani mmoja katika kila wanne. Kwa waliodungwa sindano ya kawaida ya geji 14 walikuwa karibu 30 katika 100, na kwa waliodungwa sindano ya kunyonya ya geji 11 walikuwa karibu 19. Kwa hiyo daktari wenu wa upasuaji hakuwa akiwatisha. Alikuwa akiwaeleza jambo linalojulikana, na kwa maoni yangu amefanya vyema kulieleza kabla ya kisu kuliko baada yake.

Uchambuzi huo huo ulionyesha mambo yanayoongeza uwezekano: ugonjwa kuwa wa daraja la juu (daraja, kutoka 1 hadi 3, hupima jinsi seli zilivyoacha kufanana na za kawaida), eneo lake katika picha kuzidi milimita 20, kuonekana kwa uvimbe katika picha badala ya chembe za chokaa peke yake, na uvimbe kugusika kwa mkono. Ukimpima mama yako kwa mizani hiyo, daraja la 3 linamwongezea shaka, na kukosekana kwa uvimbe kunampunguzia. Upana wa eneo lenye chokaa hukuuandika, nao ni muhimu. Muulizeni daktari ni milimita ngapi kutoka ncha hadi ncha. Muulizeni pia vilichukuliwa vipande vingapi na kwa sindano gani, na kama vipande vyenyewe vilipigwa eksirei kuhakikisha kwamba ile chokaa iliyoonekana katika picha imo ndani yake. Vipande visipokuwa na chokaa, basi huenda sindano ilipita pembeni, na jibu lake lina uzito mdogo zaidi.

Kwa kuwa umeuliza vipi hawajui, acha nikuketishe kidogo kwenye kiti changu. Kipande cha sindano, kikishakatwa kuwa kama ukoga na kutiwa rangi ya waridi na zambarau, kinaonekana kama uzi mwembamba kwenye kioo. Ninapokikuza ninaona miviringo, nayo ndiyo mifereji iliyokatwa kwa upana. Katika ugonjwa wa daraja la juu seli ni kubwa na hazifanani, na katikati ya mviringo mna kifusi cha seli zilizokufa, ambamo chokaa hujijenga. Hiyo ndiyo chokaa iliyoonekana katika picha. Mviringo ukiwa na ukingo laini, moyo hutulia. Wakati mwingine, hata hivyo, nje ya ukingo pamejaa askari wa mwili, zile seli ndogo nyeusi nyeusi, kana kwamba pana ugomvi, na ukingo wenyewe umepinda. Hapo huagiza rangi maalumu inayoitwa p63, ambayo huzipaka kahawia zile seli za kujikaza. Zikionekana zimeuzunguka mfereji kama shanga zilizotungwa, seli za saratani zingali ndani. Uzi wa shanga ukikatika na nje yake pakawa na vikundi vya seli visivyo na shanga yoyote, huo ni uvamizi, na usipozidi milimita moja huitwa uvamizi mdogo. Yote hayo nayaona katika vipande nilivyo navyo. Mfereji uliokuwa sentimita mbili kutoka hapo sikuletewa.

Picha za MRI, zile za mashine ya sumaku, husaidia kwa kiasi. Mwaka 2007 madaktari wa Bonn, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wanawake 167 wenye DCIS: MRI iliwatambua 92 katika 100, na mamografia, ile eksirei ya matiti, 56. Hiyo ni habari ya kuuona ugonjwa ulipo na ulivyoenea, jambo linalomsaidia sana daktari wa upasuaji kupanga akate kiasi gani. Kuuona utando uliotobolewa ni habari nyingine, na hapo MRI nayo hukisia tu, tena huwasha taa nyekundu mahali pasipo na kitu, na kila taa hudai sindano nyingine. Kwa daraja la 3 lililoenea ningeitaka, kama familia inaimudu. Kwa kidoa cha milimita nane ningesita.

Kuhusu tezi ya kwapani: daktari hakusudii kulifagia kwapa lote. Anataka kuitoa tezi mlinzi, ile inayopokea kwanza maji ya limfu kutoka titini, ambayo hutafutwa kwa rangi ya buluu, au kwa dawa yenye mionzi kidogo, au kwa vyote viwili. Ikiwa titi litaondolewa lote, yuko sahihi kabisa, na barua ya pili hapa chini itakuonyesha sababu. Ikiwa ataondoa sehemu tu na kuliacha titi, mnaweza kumuuliza kwa heshima kama tezi haiwezi kusubiri hadi ripoti ya upasuaji itoke, maana katika hali hiyo nafasi ya kurudi ipo.

Ami yako mwambie hivi. Ni kweli kwamba sindano inaweza kusukuma seli chache katika njia iliyopita. Mimi mwenyewe huziona katika kovu lake, na hunipa kazi, kwa sababu seli zilizosukumwa huweza kufanana na uvamizi na kumdanganya msomaji asiye makini. Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo limefupisha maisha ya wagonjwa. Kumpeleka mtu chumba cha upasuaji bila sindano, kwa upande mwingine, ni kumkata bila kujua unachokikata.

*Daktari, salamu. Mke wangu, mwenye miaka 47, aliambiwa kwa jibu la sindano kwamba ana DCIS, na kwa kuwa ilikuwa imeenea, titi liliondolewa lote. Kwapa halikuguswa. Ripoti ya titi ilipotoka ikasema kumekutwa saratani vamizi ya milimita 7. Sasa anaambiwa arudi akatolewe tezi. Nataka kujua ni nani aliyekosea, na je, tumechelewa?*
Mume wa Changamwe

Ndugu yangu, nakujibu swali la mwisho kwanza: hamjachelewa. Saratani vamizi ya milimita 7 ni ndogo. Ikiwa tezi ni safi, huo ni ugonjwa wa hatua ya kwanza, na wengi wa wanaotibiwa katika hatua hiyo huendelea na maisha yao.

Kuhusu kukosea, hayo ni mambo mawili na nisingependa uyachanganye. Sindano kutokuukuta uvamizi wa milimita 7 ndani ya ugonjwa ulioenea si kosa la mtu. Ndiyo hali ya bambo niliyoieleza hapo juu. Titi zima kuondolewa bila kuitafuta tezi mlinzi, hilo ni jambo unaloweza kulihoji, kwa sababu miongozo ya kimataifa, ukiwemo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, inapendekeza tezi hiyo itolewe siku ile ile kwa mgonjwa wa DCIS anayeondolewa titi lote. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Tezi mlinzi hupatikana kwa kudunga rangi titini na kuifuata inakoelekea. Titi likishaondoka, njia zimeondoka nalo, na rangi haina pa kupita. Ndiyo maana sasa mnaambiwa habari ya tezi nyingi badala ya moja au mbili, na tezi nyingi zikitolewa, uwezekano wa mkono kuvimba kwa maji huongezeka, jambo linaloweza kumsumbua mtu maisha yake yote. Nasema unaweza kulihoji, wala sisemi kwamba kuna aliyezembea. Sijaliona faili, na pengine palikuwa na sababu.

Kabla hamjakubali upasuaji wa pili, ombeni kwapa lipimwe kwa ultrasaundi, na tezi yoyote yenye umbo la kutia shaka idungwe sindano. Ombeni pia kesi ijadiliwe na madaktari wote kwa pamoja: wa upasuaji, wa saratani, wa picha na wa maabara. Wengine watasema tezi zitolewe. Wengine, kwa uvimbe mdogo hivi na ultrasaundi safi, watapendelea njia nyingine. Jambo jingine nisilotaka lisahaulike: ile sehemu vamizi ya milimita 7 ipimwe yenyewe vipokezi vya homoni (protini za seli ambazo homoni hujishikiza kwazo) na HER2 (protini nyingine inayoweza kuikuza saratani), pasiwe na kutegemea vipimo vya sehemu iliyokuwa ndani ya mfereji, kwa kuwa mara nyingine hutofautiana, na dawa hufuata sehemu vamizi.

Hapa naomba niseme jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria kwa muda. Tumejishughulisha mno na kutabiri, tukasahau kupanga mambo ili utabiri ukishindwa pasiharibike kitu. Watafiti wa Uswidi wamejaribu kudunga titini, siku ya upasuaji, kimiminika chenye chembe za chuma zinazovutwa na sumaku. Chembe hizo hufika kwenye tezi mlinzi na kukaa humo kwa wiki kadhaa, ilhali rangi ya buluu hupotea upesi. Daktari huliacha kwapa bila kuligusa. Ripoti ikirudi na uvamizi, hurejea na kifaa chake cha sumaku na kuitoa tezi ile ile. Ripoti ikirudi safi, mwanamke amesalimika na upasuaji asiouhitaji. Hapo hakuna aliyetabiri lolote. Mke wako hakuipata njia hiyo, nami najua kukusimulia habari zake leo hakumpunguzii kitu, lakini ndiyo njia ambayo ningependa kuiona ikifika Pwani kabla ya mashine nyingi zinazosifiwa.

*Mheshimiwa daktari, nimesoma kwamba kompyuta sasa inaweza kuisoma picha ya titi na kutabiri kama pana saratani vamizi iliyojificha. Ikiwa ni kweli, kwa nini wanawake wetu bado wanaambiwa "huenda"?*
Mwalimu, Kisauni

Mwalimu, ni kweli nusu. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, limeshughulikia swali hili kwa miaka. Kwanza walichukua wanawake 99 waliokuwa na DCIS iliyoonekana kwa chembe za chokaa, ambao 25 kati yao walikutwa na uvamizi baada ya upasuaji, wakaiacha kompyuta ipime umbo, idadi na mpangilio wa chembe hizo. Mwaka 2022 walichapisha kazi kubwa zaidi ya wanawake 700, ambao 114 walikutwa na uvamizi. Alama ya kazi ya kwanza ilikuwa 0.70 na ya pili 0.71.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa kusahihisha mitihani, alama hiyo inahitaji tahadhari, maana haimaanishi kwamba kompyuta ilipata 71 kwa 100. Maana yake ni kwamba ukiiletea picha mbili, moja ya mwanamke mwenye uvamizi na nyingine ya asiye nao, itamnyooshea kidole aliye nao mara 71 katika kila 100. Anayerusha shilingi juu atampata mara 50. Kompyuta, basi, imejifunza kitu cha kweli, lakini kitu hicho hakijatosha kumwambia mwanamke mmoja aliyeketi mbele yako kwamba uvamizi anao au hana. Tazama pia kwamba kutoka wanawake 99 hadi 700 alama haikupanda. Mimi hilo nalichukulia kuwa dokezo: huenda katika kivuli cha chokaa hamna habari zaidi ya hizo. Chokaa iko katikati ya mfereji, ndani ya kifusi. Utando unaotobolewa uko ukingoni. Kompyuta inaukisia ukingo kwa kutazama kifusi.

Zipo pia jedwali za kukokotoa ambazo hospitali mbalimbali duniani zimejitengenezea, zikijumlisha umri, daraja, upana na aina ya sindano. Nyingi hufanya vizuri pale zilipozaliwa na kuchechemea zinapohama.

Kwetu kuna tatizo jingine, nalo nadhani ndilo kubwa. Katika nchi zenye mpango wa kuwapima wanawake wote kwa mamografia, karibu 20 katika kila saratani 100 za titi zinazogunduliwa ni DCIS, na nyingi hazina dalili yoyote. Mwongozo wetu wa taifa wa mwaka 2018 unapendekeza mamografia kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 55, na kila miaka miwili kuanzia 56 hadi 74, lakini ni wanawake wangapi wa Likoni au Jomvu unaowajua waliopimwa bila ya kuwa na uvimbe? Wengi huja uvimbe ukishagusika. Kwa hiyo mwanamke wa hapa mwenye jibu la DCIS mara nyingi si yule mwanamke ambaye picha zake ziliifundisha kompyuta ya Duke. Ana uvimbe mkononi, na uvimbe unaogusika ni mojawapo ya yale mambo yanayoongeza shaka. Nikiletewa vipande vya sindano kutoka kwenye uvimbe wa sentimita tatu unaogusika, nami nikaona DCIS peke yake, mimi humpigia simu daktari aliyevituma. Humwambia nilichokiona hakilingani na alichokigusa, arudie sindano. Simu hiyo haina jina la kuvutia wala haiandikwi magazetini, lakini mara kadhaa imeokoa upasuaji wa pili.

*Daktari, mimi nina miaka 61. Jibu langu ni DCIS ya daraja la 1, yenye vipokezi vya homoni, bila uvimbe. Nimesikia kwamba siku hizi kuna wanaofuatiliwa bila kukatwa. Je, naweza?*
Bibi wa Bamburi

Bibi, umesikia sawa. Mwezi wa Desemba 2024 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao COMET, uliokuwa na wanawake 957 wa umri wa miaka 40 na zaidi, wenye DCIS ya daraja la 1 au la 2, yenye vipokezi vya homoni na isiyo na uvimbe. Nusu walipangiwa upasuaji, na nusu wafuatiliwe kwa mamografia kila miezi sita. Baada ya miaka miwili, saratani vamizi katika titi hilo ilikuwa imeonekana kwa 5.9 katika 100 ya waliopangiwa upasuaji na 4.2 katika 100 ya waliofuatiliwa. Usiduwae kwamba waliopangiwa kisu wamezidi; saratani iliyokutwa siku ya upasuaji, ile iliyojificha, imehesabiwa upande wao, ilhali kwa wenzao inaweza kuwa imo bado na haijajitokeza. Tena wapo waliopangiwa upasuaji wasiufanye.

Kwa karatasi unafanana na wanawake wale. Hata hivyo, miaka miwili ni muda mfupi kwa ugonjwa unaotembea polepole, na njia hiyo ina sharti lisilo na msamaha: picha kila miezi sita, kwa mashine nzuri, isomwe na mtu yule yule au mwenye kuziona picha za nyuma. Kama unaweza kulitimiza hilo kwa miaka, na gharama yake umeipangia pamoja na wanao, mazungumzo na daktari wako yana maana. Kama unajijua kuwa ni mtu wa kuahirisha hadi baada ya Ramadhani, kisha baada ya harusi, kisha baada ya mvua, basi upasuaji mdogo wa kuondoa sehemu utakufaa zaidi. Kabla ya uamuzi wowote, hilo daraja la 1 lisomwe na daktari wa pili wa maabara. Sisi hutofautiana katika madaraja zaidi ya tunavyopenda kukiri.

*Nataka vipimo vyangu visomwe tena Nairobi kabla ya upasuaji. Nibebe nini?*
Msomaji wa Mji wa Kale

Karatasi ya jibu peke yake haitoshi, kwa kuwa atakayeisoma atasoma maneno yangu tu. Iombe maabara ikupe vioo vya hadubini vilivyopakwa rangi na kile kijibonge cha nta chenye kipande chako, ambacho daktari wa pili anaweza kukikata tena na kukipaka ile rangi ya shanga. Chukua na picha za mamografia katika diski, pamoja na picha ya eksirei ya vipande kama ilipigwa. Vioo vifungwe katika kisanduku chake, visisugue. Nta hiyo huyeyuka kati ya nyuzi joto 56 na 60, kwa hiyo ukienda kwa gari usiiweke juu ya dashibodi iliyo juani. Ukienda kwa treni kutoka Miritini, ishike katika mkoba utakaoketi nao. Maabara itakutaka utie sahihi unapovichukua, nayo inataka virudi, kwa sababu ripoti ya upasuaji ikija na jambo jipya, kitu cha kwanza tutakachokitafuta ni vipande hivyo vya mwanzo, tuviweke chini ya hadubini sambamba na vipya.